Nyanya naye apewe konji yake



Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa, maswali mawili huanza kuzunguka katika nyumba zetu: siku za konji tutakwenda wapi, na nani atakwenda? Swali la kwanza hujibiwa upesi. Wenye mali hutaja bahari, wengine hutaja ziwa, na wengi hutaja kijiji cha wazee. Swali la pili ndilo zito. Maana ziko jamaa zinazopenda kusafiri zote pamoja: babu na nyanya, watoto wao waliokwisha kuoa na kuolewa, na wajukuu, wote chini ya paa moja kwa juma moja au mawili, karibu na maji. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini tumeona pia jamaa zilizoondoka kwa nyimbo zikarudi kwa manung'uniko. Ukichunguza sana, mara nyingi utakuta chanzo ni kilekile: wengine walipumzika, na wengine walibadilishiwa jiko tu.

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya pumziko la namna hiyo. Mfano wetu tutautwaa katika pwani moja ambayo Wakongo wengi wanaijua, ama kwa kufika wenyewe, ama kwa kusikia habari zake kwa ndugu wanaokaa Ulaya: pwani ya Ubelgiji. Tukiisha kutazama mambo ya huko, tutarudi kwetu, kwenye maji yetu na vijiji vyetu.

Konji ilizaliwa namna gani?

Pwani ya Ubelgiji si ndefu. Tangu De Panne, mpakani mwa Ufaransa, hata Knokke-Heist, mpakani mwa Uholanzi, ni kilomita 67 hivi. Mtu wa Kalemie, aliyezoea kuona Tanganyika ikipotea machoni kaskazini na kusini, angeiona kuwa kipande kidogo cha ukingo. Tramu moja hupita pwani hiyo yote, mji baada ya mji. Sehemu yake ya kwanza, kati ya Ostende na Nieuwpoort, ilianza mwaka 1885. Leo mzee aweza kuketi dirishani na kuona pwani yote ya nchi, toka mpaka hata mpaka, bila kuyachosha magoti yake.

Reli ilifika Ostende mwaka 1838, lakini kwa miaka mingi bahari ilikuwa mali ya wakubwa. Mfalme Leopold wa Kwanza alipenda kukaa huko pamoja na mkewe, Malkia Louise-Marie, naye malkia alifariki hukohuko Ostende mwaka 1850. Matajiri wakawafuata, wakajenga majumba na hoteli mbele ya maji. Je, mchimba makaa ya mawe na mwanamke wa kiwanda cha nguo walikuwa wapi? Walikuwa kazini. Kwao siku bila kazi ilikuwa siku bila mshahara, na mtu mwenye watoto hawezi kula hewa ya bahari.

Jambo hilo lilibadilika mwaka 1936. Mwezi wa Juni mwaka huo wafanyakazi wa Ubelgiji waliacha kazi kwa wingi. Walidai mshahara wa kutosha, na pamoja na mshahara walidai konji yenye malipo. Ufaransa ilitangulia kutoa sheria yake tarehe 20 Juni, ikawapa wafanyakazi siku 15. Ubelgiji ikafuata tarehe 8 Julai, ikatoa siku 6 kwa mwaka. Siku sita tu! Lakini kwa mtu ambaye hajapata hata moja, sita ni nyingi. Leo mfanyakazi wa Ubelgiji aliyefanya kazi mwaka mzima, siku tano kila juma, ana haki ya siku 20 mwaka unaofuata.

Kwa njia hiyo mlango wa bahari ulifunguliwa kwa watu wadogo. Wengi walioona mawimbi kwa mara ya kwanza hawakwenda peke yao: walikwenda na watoto, tena baada ya miaka, watoto hao walipokuwa baba na mama, waliwachukua wazazi wao waliozeeka. Hata leo, katika miezi ya Julai na Agosti, utaona katika mchanga ule vizazi vitatu nyuma ya pazia moja la kukinga upepo: mzee katika kiti, mama akimpaka mtoto mafuta, na wajukuu wakichimba.

Basi, sheria ile ilifundisha neno kubwa. Ilisema kwamba pumziko si zawadi ya bwana mwenye huruma. Ni haki ya mtu anayefanya kazi. Hilo twalikubali sote. Lakini nani katika nyumba anafanya kazi? Sheria ilimtazama mwenye kupokea mshahara. Mkono wake ulifika kiwandani, ulifika ofisini, ulifika mgodini. Jikoni haukufika, wala hauwezi kufika. Huko jamaa yenyewe yapaswa kutunga sheria yake.

Sheria haikuingia jikoni

Tuseme jamaa ya watu kumi imepanga nyumba ya ghorofani karibu na bahari. Nyumba ina vyumba vitatu na jiko. Asubuhi ya kwanza, nani ameamka kabla ya wote kupika kahawa? Nani amekata mikate kumi na kuitia siagi? Nani amekusanya nguo zenye mchanga na kuzifua? Saa sita, wote wanaporudi na njaa, nani amekwisha kuweka chungu motoni? Ni mama, na kama si mama, ni nyanya. Jioni baba anasema, akinyosha miguu: «Hakika, hapa tunapumzika vizuri.» Anasema kweli kwa habari ya nafsi yake. Nyanya hakwenda baharini. Jiko lake ndilo lililohamishwa likaletwa karibu na bahari.

Kuna neno jingine tena, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa linasemwa kwa upole. «Mama, tafadhali ubaki na watoto kidogo, sisi twatembea mara moja tu.» Kidogo kinakuwa mchana mzima. Kesho yake tena vivyo hivyo. Nyanya hakatai, maana anawapenda wajukuu wake, na pengine hajawaona kwa miaka. Lakini sisi watoto wake tusiufanye upendo wake kuwa mkataba wa kazi. Mtu akitaka yaya, amwajiri yaya na amlipe. Mama yake ni mama yake.

Wako na wengine wanaokosa kwa upande wa pili. Hao wanamheshimu mzee mpaka wanamsahau. Wanamweka katika kiti, wanamfunika shali, wanamletea sahani, kisha wanageuza migongo yao, kila mmoja na simu yake. Hakuna anayemwuliza kama ana baridi, kama angependa kuona soko la samaki, kama angetaka kuingiza miguu yake majini. Yule aliyelea jamaa nzima amekuwa kama sanduku linalohamishwa toka chumba hata chumba. Mzee hasemi neno. Usiku anahesabu siku zilizobaki arudi kwake.

Na baba aliyelipa gharama, tumwambie nini? Mara nyingine yeye hudhani kwamba kwa kuwa fedha zimetoka mfukoni mwake, pumziko lote ni lake. Ndugu, aliyelipa nauli amelipa nauli, hakununua watu. Sikuzote mkeo hufanya kazi bila kupokea barua ya konji. Zile siku mlizo nazo kando ya maji ndizo pekee zinazoweza kumwonyesha kwamba umeiona kazi yake.

Kwa hiyo twashauri kila jamaa itunge sheria yake ndogo kabla ya kufunga mizigo, nayo iandikwe katika karatasi na kubandikwa mlangoni pa jiko. Iwe na maneno manne.

La kwanza, zamu. Kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, awe na siku yake ya kupika na ya kuosha vyombo. Vijana wafue na kufagia. Asiyejua kupika anunue mikate na samaki waliokwisha kuchomwa. Hakuna aliyekufa kwa kula mkate siku moja.

La pili, kila aliye mkubwa apate siku moja nzima isiyo na kazi wala mtoto mkononi, aitumie apendavyo. Nyanya naye ahesabiwe humo, kama wengine.

La tatu, wazee waulizwe mapema, wala si kwa kuwapendeza tu. Wanataka kulala saa ngapi? Ngazi wanaziweza? Wataona haya kulala chumba kimoja na mkwe? Katika desturi zetu mkwe ana heshima yake, na nyumba ya kupanga yenye choo kimoja yaweza kumtesa mama mkwe kuliko ugonjwa. Jamaa yenye busara hutafuta nyumba ndogo mbili zilizo jirani kuliko moja kubwa.

La nne, fedha zisemwe wazi. Ndugu watatu hawana mshahara sawa. Kila mmoja atoe kwa kadiri ya nguvu zake, nayo kadiri hiyo ijulikane kabla ya safari, ili asiwepo wa kujivuna wala wa kuona haya mezani. Wala mtu asikope fedha ili aende kupumzika, maana deni halina konji.

Kazi halali ya wazee

Je, tumesema kwamba mzee asifanye lolote? Hapana. Mtu asiye na la kufanya hachelewi kujiona hana maana. Iko kazi ambayo ni ya wazee peke yao, na pwani ile yatuonyesha mifano mitatu.

Wa kwanza ni mchezo wa watoto. Katika fukwe za Ubelgiji watoto hujenga duka la mchanga, wakapanga juu yake maua ya karatasi laini yenye mikunjo, ya kila rangi. Maua hayo hawayauzi kwa fedha. Huyauza kwa makombe yaliyookotwa ufukweni. Ua zuri lina bei kubwa, ua dogo lina bei ndogo, na wanunuzi hutembea wakiinama kutafuta mali yao mchangani. Namna ya kukunja maua hayo haikutoka shuleni: mama alifundishwa na mama yake, naye amfundisha bintiye. Sisi Wakongo tutacheka kidogo kwa kuona jambo hilo, maana babu zetu walinunua na kuoza kwa simbi kabla ya franka kuingia. Nyanya wa kwetu akiketi karibu na duka kama hilo, ana habari ya kuwaambia wajukuu ambayo mwenye duka haijui.

Wa pili ni wavuvi wa Oostduinkerke. Huko bado wako watu wachache wanaovua kamba wadogo, wale ambao Kinshasa huitwa kosakosa, kwa kutumia farasi. Farasi mkubwa wa Brabant huingia majini hata kifuani, akatembea sambamba na ufuko, akivuta wavu ambao mbao mbili zinaufungua mdomo wake. Mnyororo unaokokotwa juu ya mchanga huwashtua kamba, nao huruka wakaingia wavuni. Mwaka 2013 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mtu hawezi kuijua kwa kusoma tu. Ni lazima ajue kusoma bahari, aujue mchanga wa chini, na zaidi ya yote aaminiane na farasi wake. Mambo hayo mkubwa humwonyesha mdogo, majini, kwa miaka. Kama hawa wa leo hawangefuatana na wazee wao, yangekwisha kufa zamani.

Mfano wa tatu si wa kuchekesha, nao watuhusu sisi hasa. Mfalme Leopold wa Pili aliitawala Kongo kama mali yake mwenyewe tangu mwaka 1885 hata 1908, na sehemu ya utajiri alioupata kwetu aliitumia katika majengo makubwa ya Ubelgiji, Ostende ikiwamo. Mwaka 1931, baada ya kufa kwake, alisimamishiwa sanamu huko Ostende, mbele ya bahari. Yeye yuko juu ya farasi. Chini, upande mmoja, Wakongo wamechongwa wakimshukuru. Mwaka 2004 watu fulani walikata mkono wa Mkongo mmoja katika sanamu hiyo, ili kuwakumbusha wapita njia ile mikono iliyokatwa katika siku za mpira. Na mwaka 2020, tarehe 30 Juni, Mfalme Philippe alimwandikia Rais wa Kongo akaeleza masikitiko yake kwa maumivu ya nyakati zile.

Mjukuu wa Kikongo aliyezaliwa Bruxelles au Liège aweza kutembea Ostende, akala barafu tamu, akamwuliza babu yake: «Babu, watu hawa wanashukuru kitu gani?» Swali hilo nani atalijibu? Baba pengine alisoma habari hizo haraka shuleni. Mama yuko na mtoto mdogo. Babu ndiye aliyesikia kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake, habari ya mpira na ya vijiji vilivyokimbia. Akijibu kwa ukweli, bila kumfundisha mtoto chuki wala kumficha neno, amefanya kazi ambayo hakuna mshahara unaoweza kuilipa. Lakini atajibu saa gani, ikiwa tumemfungia jikoni? Atajibu vipi, ikiwa mchana kutwa anafuata mbio mtoto wa miaka miwili? Ndiyo maana twasema mzee apumzishwe: ili apate nafasi ya kusema, na wajukuu wapate nafasi ya kusikia.

Maji hayajui undugu

Hatuwezi kunena habari ya pwani bila kutoa onyo. Waswahili husema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Bahari ya Kaskazini hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji yanapokupwa, mchanga unaachwa wazi mbali sana, na watoto wanafuata. Yanaporudi, hurudi upesi kuliko mtoto anavyodhani. Kwa hiyo katika fukwe za kuogea kuna walinzi na bendera. Ya kijani husema: mwaweza kuoga. Ya manjano husema: kuna hatari, jihadharini, wala msiingie na maboya ya hewa. Nyekundu husema: asiingie mtu. Mahali pasipo mlinzi, mtoto asioge. Godoro la hewa na mtumbwi wa mpira ni adui mzuri wa sura: upepo wa nchi kavu ukivuma, hukichukua kitu hicho na aliyelala juu yake mpaka kilindini. Hata shimo la mchanga lina hatari. Likizidi magoti, kuta zake zaweza kumwangukia mtoto aliye ndani.

Watoto wadogo hupewa bure ukanda wa mkononi wenye kuandikwa namba ya simu ya wazazi. Ni jambo jepesi ambalo limezuia machozi mengi. Lakini ukanda si mlinzi. Kila nusu saa mtu mmoja mzima, mwenye nguvu na ajuaye kuogelea, atajwe kwa jina kuwa mlinzi wa watoto, wala asishike simu. Wote wakiwa walinzi, hakuna mlinzi. Wala kazi hiyo asiachiwe nyanya peke yake: mwenye miaka 70 hawezi kumkimbilia mtoto wa miaka 5 mawimbini, na kama jambo baya likitokea, atakaa na huzuni hiyo mpaka kaburini kwa kosa lisilo lake.

Na mzee mwenyewe atunzwe. Hata mwezi wa Agosti maji ya bahari ile huwa na joto la digrii 19 hivi, na mwili uliozoea jua la kwetu hupoa upesi. Upepo hudanganya: mtu hasikii jua, na huku jua lamkausha. Kofia, maji ya kunywa, dawa zake za kila siku, kivuli, hivyo visisahauliwe. Mchanga laini ni mzigo kwa magoti mabovu. Katika fukwe kadhaa za huko kuna viti vyenye magurudumu mapana yanayopita juu ya mchanga, ili mzee au kilema afike hata ukingo wa maji. Kuomba kiti hicho si aibu. Aibu ni kumwacha mtu kwenye barabara ya saruji, akitazama mbali migongo ya jamaa yake.

Nasi tusiofika Ostende?

Wengi wetu hatutafika Ostende, wala si hasara. Tunayo maji yetu. Tanganyika peke yake ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470; katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu linalolishinda kwa kina. Jamaa ya Kalemie yaweza kwenda ufukweni Jumapili alasiri na chungu cha samaki, ikarudi jioni, bila hoteli na bila tramu.

Maonyo ya huko yana mfano wake huku. Ziwa halijai na kupwa kama bahari, lakini katika kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa yaliyozamisha mitumbwi mingi. Kwa hiyo asiingie mtu katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi, wala asiyevaa koti la kuelea. Wavuvi waulizwe kwanza habari ya mamba na viboko, maana wao ndio walinzi wetu tusio na bendera. Tena tusioge penye majani na maji yaliyotulia, wanapokaa konokono wa kichocho. Na mtu akiona damu katika mkojo baada ya kuoga huko, aende kwa mganga wa hospitali mara moja, kwa kuwa dawa ipo.

Lakini neno letu kubwa ni kwa wale wanaokwenda vakansi katika kijiji cha wazee, nao ndio wengi. Huko nyanya si mgeni, ni mwenyeji. Watoto na wajukuu kumi na wawili wanashuka katika gari, nao wamechoka na mji, wanasema: «Tumekuja kupumzika kwa mama.» Kesho yake alfajiri nani anakwenda kuchota maji ya watu kumi na wanne? Nani anatwanga? Mihogo iliyokuwa ya kumtosha mwezi mzima inakwisha kwa juma moja, na kuku watatu wa mwisho wanachinjwa, maana hataki mtoto wake aondoke akisema amelala njaa kwa mama yake. Wanapokwenda zao, wanamwacha na ghala tupu na mgongo unaouma. Wazee wetu walijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo nyanya hawezi kumwambia mtoto wake mwenyewe. Mtoto ajiambie.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kijijini, pelekeni unga, mafuta, chumvi na sabuni za kuwatosha ninyi na kumwachia yeye. Vijana wachote maji na kupasua kuni tangu siku ya kwanza, si baada ya kuombwa. Na siku moja, ikiwa ziwa li karibu, mwambieni: «Mama, leo hupiki. Vaa kitenge chako kizuri, twende majini.» Mwekeeni kiti chini ya mti, mpeni samaki aliyechomwa na mkono wa mtu mwingine, kisha wajukuu waketi mchangani mbele yake.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, ninyi mna sehemu yenu. Siku hiyo chukueni daftari. Mwulizeni nkambo wenu maswali matatu: alizaliwa katika kijiji gani, na je, kijiji hicho kingaliko? Baba yake alifanya kazi gani, na kwa bwana gani? Ni jambo gani aliloambiwa na nyanya yake ambalo hajapata kumwambia mtu? Andikeni majibu kama anavyoyasema, kwa lugha yake mwenyewe, wala msisahihishe. Na daftari hilo likae nyumbani mahali pakavu, pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo na vya shule.